Majuto ni Mjukuu: Kemikali za Mashambani na Haki ya Wasiozaliwa Bado



Kila msimu wa tumbaku unapoanza katika Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, mkulima hukopeshwa mbolea, mbegu na chupa za kemikali. Deni hilo hulilipa siku ya soko, linapokatwa katika bei ya tumbaku yake. Limeandikwa katika daftari la chama cha msingi, na mkulima ana haki ya kusomewa hesabu yake mpaka senti ya mwisho.

Lakini lipo deni la pili ambalo halimo katika daftari lolote. Ni lile ambalo kemikali inaweza kuliacha katika mbegu ya uzazi ya mkulima na mkewe, likaja kudaiwa kwa mtoto au kwa mjukuu ambaye hakukopa kitu. Sisi wa Haki na Amani tunasema waziwazi: kumkabidhi mtu kemikali bila kumwambia, kwa lugha anayoielewa, kama imepimwa uwezo wake wa kuharibu vinasaba, na kipimo kilionyesha nini, ni dhuluma. Si kasoro ndogo ya utaratibu. Ni dhuluma kwa mkulima, na ni dhuluma kubwa zaidi kwa wale ambao hawajazaliwa, kwa kuwa hao hawana mwakilishi katika mkutano wowote wa ushirika.

1. TUNAITA DAWA KITU AMBACHO NI SUMU

Katika lugha yetu, dawa ni kitu kinachoponya. Mgonjwa hupewa dawa, na mama humwekea mtoto dawa mahali pa salama. Neno hilohilo tumelipa pia chupa ya kuua wadudu: tunasema dawa ya kitalu, dawa ya kuzuia maotea, dawa ya panya. Maandishi ya serikali hutumia neno kiuatilifu, lakini shambani na katika duka la pembejeo inabaki kuwa dawa. Jina zuri limeficha tabia mbaya. Mtu haoni aibu kuacha dawa chumbani wanamolala watoto, wala hashtuki bomba la mgongoni likivuja mpaka shati likalowa. Mkewe hulifua shati hilo kwa mikono mitupu.

Wengine watajibu kwamba lebo ya chupa inatosha kumwonya mtumiaji. Hebu tuisome lebo hiyo. Chini yake kuna mstari wa rangi, kuanzia nyekundu ya hatari kubwa mpaka kijani. Rangi hizo hufuata madaraja ya sumu ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaweka mwaka 1975, na msingi wake mkuu ni swali moja: ni kiasi gani cha kemikali hiyo kinachotosha kuua nusu ya panya waliopewa? Swali hilo ni la lazima, nasi hatulidharau. Lakini ni swali la kifo cha leo na kesho. Halihusu saratani itakayokuja baada ya miaka ishirini, wala mimba zitakazoharibika, wala mtoto atakayezaliwa na kilema. Rangi ya kijani haisemi kwamba kemikali haiharibu vinasaba. Kuhusu jambo hilo, rangi imenyamaza.

Vinasaba ni maagizo ya uhai yaliyomo katika kila chembe ya mwili. Humo mna habari za namna ya kujenga damu, mfupa, jicho na ubongo, na maagizo hayo mzazi humrithisha mtoto. Zipo kemikali zinazoyagusa maagizo hayo na kuyavuruga. Zikiyavuruga katika chembe za ngozi au za ini, huenda ikazuka saratani kwa mtu huyohuyo. Zikiyavuruga katika mbegu za mume au mayai ya mke, jeraha linavuka mlango wa kizazi. Wazee wetu walisema majuto ni mjukuu. Hawakuwa wanazungumzia maabara, lakini katika jambo hili neno lao ni kweli bila kuongeza wala kupunguza.

2. NZI ALIYEFANYWA SHAHIDI

Mnawafahamu vinzi wadogo wanaozunguka embe lililoiva kupita kiasi, au mdomo wa mtungi wa pombe. Hao si wale nzi wanaotoboa maembe mtini na kutaga mayai ndani ya tunda, ambao mabwana shamba wanahangaika nao. Wale ni jamii nyingine. Hawa wadogo, wenye macho mekundu, hufuata tunda lililokwisha kuchacha na hamira iliyomo ndani yake. Wataalamu huwaita Drosophila melanogaster. Asili yao ni Afrika, kusini ya Sahara. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba waliwakuta wakiishi porini huko Zimbabwe, katika misitu ya Matopos, juu ya matunda ya mng'ongo. Kutoka katika misitu ya namna hiyo wakamfuata binadamu na vyakula vyake mpaka dunia nzima.

Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan, akifanya kazi New York, alimpata katika chupa zake nzi dume mwenye macho meupe, na kutokana naye akaonyesha jinsi tabia fulani zinavyorithiwa pamoja na kromosomu za jinsia. Mwaka 1927 Hermann Muller alithibitisha kwamba mionzi ya eksirei hubadili vinasaba vya nzi, na mabadiliko hayo hurithiwa. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1946, naye alitumia jina lake kuwaonya madaktari waliokuwa wakiitumia mionzi ovyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Charlotte Auerbach, mwanamke Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933, alishirikiana na J. M. Robson katika mji wa Edinburgh kuonyesha kwamba kemikali nazo zaweza kufanya vivyo hivyo. Kemikali waliyoichunguza ilikuwa gesi ya haradali, silaha ya vita, nayo iliiunguza mikono ya mama huyo. Kwa sababu ya siri za vita, ulimwengu haukuelezwa matokeo yao mpaka vita vilipokwisha.

Kipimo chenyewe hufanyika hivi. Nzi dume hulishwa maji ya sukari yaliyochanganywa na kemikali inayochunguzwa, kwa kiasi kisichomuua. Kisha hupewa jike wa ukoo maalumu, ambaye kromosomu zake za X zina alama inayoonekana katika umbo na rangi ya macho. Binti zao hupokea X moja kutoka kwa baba aliyelishwa kemikali, na nyingine yenye alama kutoka kwa mama. Kila binti huwekwa katika chupa yake, naye huzaa. Nusu ya watoto wake wa kiume hutazamiwa kupokea X ya babu, na nusu ile yenye alama. Basi, dume ana X moja tu. Ikiwa X ya babu ilijeruhiwa mahali ambapo uhai hauwezi kuendelea bila hapo, mjukuu huyo hana nyingine ya kumwokoa, naye hufa kabla hajawa nzi kamili.

Mtafiti hufungua chupa na kuhesabu. Akiwakuta wajukuu wa kiume wenye macho kama ya babu, kromosomu ilikuwa salama. Akikuta chupa isiyo na hata mmoja wao, anajua kwamba babu alijeruhiwa, ingawa babu mwenyewe alionekana mzima, akala, akaruka na kuzaa. Hurudia hesabu hiyo katika maelfu ya chupa, na kuilinganisha na ya nzi ambao hawakulishwa kitu. Kizazi cha nzi huchukua siku kumi au zaidi kidogo, hivyo habari ya wajukuu hupatikana kwa muda wa mwezi mmoja na ushei. Kwa binadamu ingechukua nusu karne.

Ndugu zetu, tafakarini jambo hili. Katika chupa ya nzi, dalili ya madhara ni wale waliokosekana. Hakuna maiti ya kuonyesha, wala kidonda. Kuna nafasi tupu mahali ambapo wajukuu walipaswa kuwapo. Nani katika vijiji vyetu anayehesabu wasiozaliwa?

3. WALIOJUA NA KUENDELEA KUUZA

Tusidhani kwamba tatizo ni ukosefu wa elimu peke yake. Historia inaonyesha kwamba mara nyingi ujuzi ulikuwapo, na kemikali ikaendelea kuuzwa.

Ilikuwapo kemikali iitwayo ethilini dibromaidi. Ilitiwa udongoni kabla ya kupanda ili kuua minyoo ya mizizi, na matunda yalifukizwa nayo ili kuua nzi wa matunda. Katika miaka ya 1970 vipimo vya nzi katika maabara vilionyesha kwamba inaharibu vinasaba, na vipimo vya panya vikaonyesha saratani. Hata hivyo ni mwaka 1983 tu ndipo Marekani iliposimamisha matumizi yake katika udongo.

Ilikuwapo nyingine, DBCP, nayo ya kuua minyoo ya mizizi. Mwaka 1961 ilikwisha kuchapishwa kwamba korodani za panya waliovuta hewa yake zilinywea. Kemikali ikaendelea kutengenezwa. Mwaka 1977, katika kiwanda kimoja huko Lathrop, California, wanaume walioitengeneza walipozungumza wao kwa wao waligundua kwamba wengi wao hawapati watoto. Walipopimwa ikaonekana kwamba mbegu zao zimepungua au zimekwisha kabisa. Mwaka 1979 Marekani ilipiga marufuku karibu matumizi yake yote. Lakini baada ya ukweli kujulikana mwaka 1977, kemikali hiyo iliendelea kupelekwa katika mashamba ya migomba ya Amerika ya Kati, kwa vibarua ambao hawakuambiwa kitu.

Tunatoa mafundisho mawili katika habari hiyo. Kwanza, panya walisema mapema, ila hapakuwa na mtu aliyelazimishwa kusikiliza. Pili, kemikali iliyokataliwa na tajiri hutafutiwa maskini wa kuipokea.

4. NJIA YA MISAFARA NA BIDHAA ZISIZOULIZWA

Watu wa Tabora hatuhitaji kufundishwa na mgeni jinsi biashara inavyoweza kupita juu ya watu. Mji wetu ulikua kwa sababu ya njia iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walipita hapa kuelekea pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zikaletwa bara. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo hiyo mabegani, na miembe iliyopandwa enzi hizo bado inatupa kivuli. Bunduki ziliponunuliwa, hakuna aliyeuliza zingefanya nini kwa watoto wa nchi. Jibu lilipatikana katika vita vya miaka ya 1870 na 1880.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikifuata kwa sehemu kubwa mkondo wa njia ileile. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Nachingwea na hapa Urambo. Fedha nyingi na matrekta vilikuja kabla ya kuchunguza vya kutosha udongo na mvua. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, na katika ardhi ya Urambo iliyokwisha kufyekwa ndipo tumbaku ikapata nafasi ya kustawi. Kwa hiyo zao linalotulisha leo limepandwa juu ya kaburi la mradi ambao haukupimwa kwanza.

Mfano wa karibu zaidi na hoja yetu uko katika mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu, ambavyo baadhi vilikuwa vimekwisha muda wake, ililetwa kama msaada kutoka Ugiriki na kuwekwa katika shamba la Vikuge, wilaya ya Kibaha. Ghala likaanguka, sumu ikamwagika. Watafiti waliopima baadaye walikuta udongo wa mahali pale bado umejaa DDT na jamaa zake, hata baada ya mabaki kuondolewa, na taarifa yao ikachapishwa mwaka 2004. Huo uliitwa msaada! Mwenye kutoa alipunguza mzigo wa ghala lake, na mwenye kupokea akapewa mzigo wa vizazi.

Ni kweli kwamba sheria zimeboreshwa. Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unataka nchi isipelekewe kemikali zilizoorodheshwa humo bila kuarifiwa na kuridhia kwanza. Nchini, Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha, nayo ndiyo husajili viuatilifu. Tunashukuru kwa hatua hizo. Lakini ridhaa yenye ujuzi isiishie kwenye meza ya wizara wala kwenye gati la bandari. Kama taifa lina haki ya kuarifiwa kabla ya kupokea, mtu anayebeba bomba mgongoni ana haki hiyo mara mbili.

5. MAMBO YASIYOPIMWA HUMWANGUKIA MNYONGE

Hapa tunagusa jambo chungu, na tunaomba lisomwe kwa makini katika jumuiya.

Ndoa ikikosa mtoto, katika nyumba nyingi zetu anayelaumiwa ni nani? Ni mke. Huitwa tasa, hurudishwa kwao, au huletewa mke mwenza. Wanaume wa Lathrop walikuwa wazima wa mwili na wenye nguvu za kazi, na tatizo lilikuwa kwao, limetoka katika mvuke wa kazi yao. Na mimba zikiharibika mfululizo, au mtoto akizaliwa na kilema, anayetafutwa ni nani? Mara nyingi ni bibi kizee wa jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka sitini. Mkoa wetu umo katika ile mikoa ya magharibi na ya Ziwa ambako wanawake wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mwezi Julai 2017, wilayani Nzega, wanawake watano waliuawa kwa tuhuma hizo na miili yao ikachomwa moto.

Hatusemi kwamba kila utasa na kila kilema hutokana na kemikali. Kusema hivyo kungekuwa kuzua uchawi mwingine wenye jina la kisayansi. Tunasema kwamba mahali ambapo sababu haitafutwi kwa vipimo, itatafutwa kwa ramli, na ramli haijapata kumtaja mwenye nguvu. Haimtaji mtengenezaji wa kemikali, wala mwuzaji, wala mwenye kuidhinisha. Humtaja mjane. Ndiyo sababu kipimo cha maabara, hata kile cha nzi, ni suala la haki na amani, wala si jambo la kuwaachia wataalamu peke yao.

6. MAJIBU KWA WENYE KUTUPINGA

Wapo wasemao: nzi si mtu. Ni kweli. Lakini takribani robo tatu ya vinasaba vinavyojulikana kuhusika na magonjwa ya binadamu vina ndugu zao katika mwili wa nzi. Tena nzi ana vimeng'enya vinavyofanya kazi kama vile vya ini letu, na hilo ni muhimu, kwa sababu zipo kemikali ambazo hazina ukali mpaka mwili wenyewe uzigeuze. Nzi akionyesha jeraha, hatujathibitisha kwamba mtu ataumia. Tumepata sababu ya kusimama na kupima tena kwa njia nyingine. Na nzi asipoonyesha, kemikali haijatangazwa kuwa salama. Mbwa akibweka usiku si lazima awe ameona mwizi, lakini mwenye nyumba mwenye busara huamka.

Wapo wasemao: kipimo hicho kimepitwa na wakati. Ni kweli pia kwamba mwaka 2014 shirika la nchi zilizoendelea liitwalo OECD lilikiondoa kipimo cha wajukuu wa nzi katika orodha ya miongozo yake hai, baada ya vipimo vya bakteria, vya chembe zilizokuzwa maabara na vya panya kuchukua nafasi yake. Basi na tusomewe matokeo ya hivyo vipya! Sisi hatuna mapenzi na nzi. Tajiri amebadilisha mizani yake kwa sababu amepata iliyo bora. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kutuuzia bila mizani.

Pamoja na hayo, nzi bado ana kazi katika nchi zenye fedha kidogo. Chakula chake ni unga wa mahindi, sukari na hamira, vitu vinavyopatikana katika soko la Tabora. Anahitaji chupa, chumba chenye joto la kadiri, hadubini, na vijana waliofundishwa kuhesabu kwa uaminifu. Tangu mwaka 1984 kipo kipimo kingine chepesi zaidi, kinachotazama madoa ya vinyweleo katika mbawa za nzi aliyelishwa kemikali akiwa bado funza, bila kungoja wajukuu. Jirani zetu wa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, tawi la Ishaka, walianza kuwafundisha wanasayansi wa Kiafrika kazi ya nzi hawa katika mwongo wa 2010, na Ibadan huko Nigeria wanawatumia kuchunguza sumu. Wasemao kwamba Mwafrika hawezi kupima mwenyewe hawana hoja.

Wapo wasemao: tumbaku ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, msituharibie. Hao ni ndugu zetu, na maneno yao tunayaheshimu. Hatumwambii mtu ang'oe kitalu chake kesho asubuhi. Tunasema kwamba mkulima anayedhamini mkopo kwa jasho lake ana haki ya kujua amekopa nini. Mfugaji nyuki wa Sikonge akikuta mizinga mitupu baada ya jirani kupulizia dawa, huona hasara yake siku hiyohiyo, akaenda kulalamika. Hasara ya vinasaba haionekani siku hiyohiyo. Kwa hiyo inahitaji ulinzi mkubwa zaidi, si mdogo.

Na wapo watakaotuambia tungoje mpaka madhara yathibitishwe bila shaka yoyote. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si', alifundisha kinyume cha hayo. Akikumbusha Tamko la Rio la mwaka 1992, alieleza kwamba pakiwa na dalili za madhara makubwa yasiyorekebishika, mradi usimamishwe au ubadilishwe hata kabla ya uthibitisho kamili, na mzigo wa kuthibitisha umwangukie mwenye kuleta mradi. Maana yake kwetu ni nyepesi. Si mjane wa Kaliua atakayethibitisha kwamba kemikali ilimdhuru. Ni mwenye kemikali atakayeonyesha kwamba alipima kwanza.

7. TUNADAI NINI

Kwanza, kila kemikali inayokopeshwa kupitia vyama vya msingi iambatane na karatasi ya Kiswahili, ya ukurasa mmoja, inayosema: imepimwa uharibifu wa vinasaba au haikupimwa, ilipimwa kwa viumbe gani, matokeo ni nini, na nani aliyegharamia kipimo. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa wanachama kabla ya mkopo kusainiwa.

Pili, Mamlaka ya viuatilifu iweke wazi kwa wananchi muhtasari wa vipimo hivyo kwa kila kiuatilifu ilichokisajili. Duniani kote usajili hutegemea zaidi taarifa zinazoletwa na mtengenezaji mwenyewe. Haifai hesabu ya muuzaji iwe siri kwa mnunuzi.

Tatu, kemikali zipimwe jinsi zinavyotumika. Maabara hupima kitu kimoja kimoja, lakini mkulima huchanganya viwili vitatu katika bomba moja ili kuokoa muda. Vyuo vyetu vikuu vianzishe vipimo vya michanganyiko hiyo, na wakianza na nzi hatutawacheka.

Nne, kiuatilifu chochote ambacho kwa vigezo vya FAO na Shirika la Afya Duniani kinahesabiwa kuwa hatarishi sana kwa sababu ya kubadili vinasaba kisitolewe kwa mkopo kwa mkulima mdogo. Vigezo vipo, na mwongozo wao wa mwaka 2016 unavitaja. Vitumike.

Tano, na hili ni letu sisi wenyewe bila kungoja serikali: kila jumuiya ihakikishe kwamba chupa hazilazwi chumbani na watoto, kwamba madumu matupu hayatekewi maji, kwamba wajawazito na watoto hawashiki bomba wala kufua nguo za kupulizia, na kwamba mwanamke asiye na mtoto hahukumiwi na mtu yeyote.

Mirambo na Isike walipigana na watu waliowaona kwa macho. Adui tunayemsema hapa haonekani, na huenda anapita mlangoni kwetu akiwa amebebwa na rafiki. Lakini anaweza kuhesabiwa, na kuhesabu ndicho tunachokidai. Tusikubali wajukuu wetu wawe ndio chupa ya majaribio.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Taja kemikali zote zilizomo nyumbani kwako leo. Ni ngapi unazoweza kueleza madhara yake kwa afya?

2. Katika chama chetu cha msingi, je, kuna siku mwanachama alisomewa habari za kemikali kabla ya kusaini mkopo? Nani atalileta jambo hili katika mkutano ujao?

3. Ndoa ikikosa mtoto katika jumuiya yetu, tunamtendeaje mke? Tunamtendeaje mume?

4. Kwa nini tunaiita dawa? Tukianza kuiita sumu, ni mazoea gani yatabadilika nyumbani mwetu?